Cherehani ya Kubomolea Nyumba

Kilembe, 9 Juni 2014

Mpendwa dada Medius,

Ripoti kwanza, malalamiko baadaye, kama marehemu baba alivyotulea kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi. Mke wangu Ronah ni mzima, ila goti linamsumbua kila mvua ikikaribia, siku hizi tunalitumia kama utabiri wa hali ya hewa. Watoto wanasoma. Yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa pacha, akamkataa mmoja, na sisi ndio tunaomnywesha kwa chupa. Kule Mahango kahawa ya mama ni nyingi kuliko mikono ya kuichuma.

Barua hii anakuletea Kiiza, yule mwenye pikapu ya nyanya. Nimeona niandike, kwa sababu huku bondeni simu inakamata ukisimama juu ya jiwe moja tu, na jiwe hilo halikosi vibarua wa kusikiliza.

Sasa jambo lenyewe. Mto Nyamwamba uliposhuka tena mwezi uliopita ulikula nusu ya nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, na nusu iliyobaki imeegemea hewa. Nimepewa kazi ya kuzivua moja moja, mbao na mabati yatoke mazima. Adui wetu ni misumari. Waliojenga nyumba hizi hawakujua ubahili, kila boriti wameipigilia mpaka imekuwa chuma. Misumeno ya mkono imebaki vibogoyo. Wewe unauza vifaa, nichagulie ule msumeno wa umeme wenye wembe mrefu mbele, unaotoka na kuingia kama sindano. Vijana wangu hata hawajauona na wameshaubatiza cherehani. Lakini usiwe mkubwa. Wa kadiri unatosha, hatuna haraka.

Mumeo Tsongo ni mzima, anakula. Tangu alipokuja kwangu Januari sijapata mtu mwingine wa juu ya paa kama yeye. Na kundi letu lina sheria: aliyeng'oa bati la kwanza ndiye anayeangusha ukuta wa mwisho, akiondoka katikati amewaachia wenzake mkosi. Bati la kwanza la kazi hii aling'oa Tsongo. Kwa hiyo yuko hapa mpaka mwisho. Ya kwenu wawili siyaingilii.

Kaka yako,
Sunday


Bwera, 30 Juni 2014

Kaka Sunday,

Ripoti: mimi ni mzima, duka ni zima. Jirani yangu Loyi, yule anayeuza vitenge mlango wa pili, ameokoka tena, mara ya tatu sasa, na safari hii anasema ni ya kweli. Siku za soko la Lhubiriha watu kutoka ng'ambo, Kongo, wanajaa mpaka huoni mchanga. Barua yako ilikaa kwenye pikapu ya Kiiza chini ya matenga, imenifikia inanuka nyanya.

Msumeno. Iko misumeno ya aina tatu inayopatikana kwangu. Kuna ule wa betri, mwepesi, mzuri kwa fundi wa mabomba anayekata bomba moja akanywa chai. Kwa boriti zenu betri itakufa kabla ya saa nne asubuhi, na hapo Kilembe utaichaji kwa nini, kwa maombi? Kuna ule wa waya wa wati mia saba. Huo ndio wako wa kadiri: unakata, lakini ukikutana na msumari unasimama kufikiri. Halafu kuna mkubwa wa wati elfu moja na mia tatu. Wembe wake unakwenda mbali na kurudi, haujali mbao wala msumari, unapita vyote kwa pumzi moja. Mzito, ndiyo. Lakini ni mashine.

Mimi nasema chukua mkubwa, na sababu nitakueleza waziwazi, maana wewe ni damu yangu. Nataka kazi hiyo iishe. Nataka mume wangu arudi nyumbani.

Unajua alivyoondoka. Ile Januari, mbele ya Loyi na wateja wawili, nilimwambia kwamba yeye ni mkimbizi anayelala katika nyumba aliyojenga baba yangu. Alikuwa amevunja kioo cha kabati, basi. Kioo! Aliokota vipande vyote, akavifunga katika gazeti, na asubuhi hakuwepo. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa ni changu. Nikimpigia simu hapokei, na hata angepokea, neno kama lile halirudishwi kwa simu. Nataka niliseme mbele ya uso wake kwamba nilikosea.

Wewe niambie tu, huwa ananitaja?

Dada yako,
Medius


Kilembe, 21 Julai 2014

Dada Medius,

Ripoti: goti la Ronah limetulia, kwa hiyo jua ni kali. Yule mtoto wa mbuzi aliyekataliwa anadhani mimi ndiye mama yake, ananifuata mpaka kazini. Mama amekuja kutoka Mahango, amelala siku tatu, amelalamikia chumvi yetu, amerudi.

Kuhusu msumeno, hapana. Nimefikiri sana. Ule mkubwa utatutetemesha mikono mpaka vijana washindwe kushika kijiko. Jenereta yetu ni ndogo, itakohoa. Halafu mbao hizi ni za zamani, zinataka upole. Halafu kelele, kuna wagonjwa hospitali upande wa juu. Niletee huo wa wati mia saba. Ukisimama kufikiri, na sisi tutakaa tufikiri nao.

Umeuliza kama anakutaja. Tsongo hataji mtu. Jioni anakaa na redio yake, anatafuta stesheni za ng'ambo, habari za Beni, habari za Oicha. Unajua mama yake, Esperance, yuko kule peke yake. Akisikia jina la kijiji anachokijua anainua mkono tunyamaze. Zaidi ya hapo usiniulize. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nimeapishwa niwe kata.

Nakuomba, wa kadiri.

Kaka yako,
Sunday


Bwera, 11 Agosti 2014

Kaka Sunday,

Ripoti fupi: sote wazima, Loyi bado ameokoka.

Nimesoma visingizio vyako nikacheka peke yangu dukani, mteja akadhani nina pepo. Mikono kutetemeka! Wewe uliyebeba magunia ya saruji ukiwa na malaria? Jenereta yako naijua, mimi ndiye niliyekuuzia, inaubeba vizuri. Mbao za zamani zinataka upole, hospitali inataka kimya, na wewe unataka nini? Nadhani umezoea kuwa na mtu mzuri wa paa na hutaki kumwachia mkewe. Sikulaumu, lakini ni wangu.

Kwa hiyo Kiiza anakuletea mkubwa, na usinirudishie. Nimeufunga katika blanketi. Nyembe ziko kwenye mkebe: za meno makubwa ni za mbao yenye misumari, za meno madogo ni za chuma kitupu, usizichanganye. Kile kibati cha mbele kinachozunguka wembe kinaitwa kiatu. Kikandamize kwenye mbao kabla ya kubonyeza, la sivyo utaruka na kumpiga mtu mikono. Wazibe masikio kwa pamba. Wembe ukianza kunuka moshi, umeisha, usiulazimishe.

Mpe Tsongo aushike yeye. Ana mkono mtulivu. Mwambie kiti chake kiko palepale karibu na dirisha, hakuna aliyekikalia. Na kabati nimeliacha bila kioo. Nilikuwa na pesa ya kioo kipya nikaona haya.

Krismasi nataka awe hapa.

Dada yako,
Medius


Kilembe, 22 Septemba 2014

Dada yangu Medius,

Ripoti leo ni ngumu kuandika, lakini baba angenipiga kofi nikiiruka. Ronah mzima. Watoto wazima. Mbuzi wangu mzima.

Huo msumeno ulioleta ni shetani. Unapita kwenye misumari kama kisu kwenye muhogo uliochemshwa. Nyumba iliyokuwa ikitumaliza wiki nzima sasa inalala chini siku inayofuata, boriti zake zimepangwa pembeni kama kuni za harusi. Tsongo anaushika kama alizaliwa nao. Anaingiza wembe katikati ya boriti na ukuta, anapita, na paa zima linakaa mikononi mwetu kwa adabu. Msimamizi alikuja kutazama, akapiga makofi.

Mimi sikupiga. Nimeficha mkebe wa nyembe chini ya kitanda, Tsongo akaenda Kasese akanunua nyingine kwa pesa yake. Nimesema petroli ya jenereta imekwisha, msimamizi akaleta pipa. Nimejifanya mgonjwa, wakafanya kazi bila mimi na wakamaliza mapema zaidi.

Sasa nitavunja kiapo. Tsongo hakusudii kurudi Bwera kazi ikiisha. Anakusudia kuvuka kwenda Oicha kumchukua mama yake. Alitaka kwenda tangu Mei. Habari za waasi wa kule zilikuwa zinamkosesha usingizi, na mimi niliona kwamba mtu akiingia kule sasa hajui atatokea wapi. Nikambembeleza, akakataa. Ndipo nikatunga ile sheria ya bati la kwanza. Ndiyo, niliitunga mimi, siku ileile, na vijana nikawanunulia soda waiunge mkono. Tsongo ni mtu wa neno lake, akaniita kaka mkubwa kwa Kifaransa chake, akasema, "Sawa, grand frère, nitamaliza kazi. Ikiisha, mimi naenda." Akaniapisha nisikwambie, alisema utamzuia kwa machozi na yeye hawezi kukataa machozi yako.

Nilihesabu kwamba kwa misumeno ya mkono tungefika Februari. Mpaka wakati huo labda mambo ya kule yangetulia, labda mama yake angevuka mwenyewe. Ndiyo maana nilitaka wa kadiri. Nilishindwa kukuambia, nikakuandikia habari za hospitali na kelele.

Zimebaki nyumba chache, wiki mbili zikizidi. Njoo haraka. Machozi yako yana nguvu kuliko hila zangu.

Sunday


Bwera, 1 Oktoba 2014

Sunday,

Sina ripoti.

Ungeniambia neno moja tu ningekutumia kisu cha kumenyea ndizi. Ningekuja mwenyewe kupigilia misumari zaidi katika hizo boriti. Umeniacha nichague, umeniacha nijisifu kwa wati elfu moja na mia tatu, na wewe unajua.

Usinipigie simu, sitapokea. Nikikusikia sauti sasa nitasema jingine la kujutia, na yale ya Januari yananitosha. Jumamosi alfajiri nakuja. Mshike mpaka nifike, hata kama ni kwa kamba.

Medius


Bwera, 12 Oktoba 2014

Kaka Sunday,

Nilitoka kwako bila kuaga vizuri. Nisamehe. Niliona tu ukuta ule wa mwisho uko chini, na wewe umesimama katikati ya uwanja mtupu na mbuzi wako, nikajua kabla hujafungua mdomo.

Nimeshaelewa sasa jinsi ilivyokuwa, maana njiani nikirudi nilimkuta Kiiza pale Kikorongo, pikapu imevunjika ekseli tangu Alhamisi, na barua yangu bado iko mfukoni mwake. Hukujua kwamba nakuja. Ulinipigia kutoka juu ya lile jiwe, na simu ililia mezani kwangu nikaitazama kwa kiburi. Mara sita, Loyi ananiambia. Mimi sikuhesabu, nilikuwa nimeigeuza kifudifudi.

Nilipofika nyumbani nilikuta msumeno kwa Loyi, umefungwa katika blanketi langu. Hila yako ya mwisho ilikuwa nzuri, kaka. Kulegeza parafujo ili Tsongo aulete dukani kutengenezwa, ili asiweze kupita Bwera bila kusimama kwangu. Ilifanya kazi. Alisimama. Mimi ndiye sikuwepo. Basi lake na langu lazima yalipishana mahali fulani kabla ya Kikorongo, na mimi nilikuwa dirishani, upande usio wake.

Loyi anasema alikaa kwenye kizingiti cha duka asubuhi yote. Alimpa chai akakataa, akampa kiti akakataa. Aliomba bisibisi tu. Jua lilipofika utosini akasimama akasema maneno ambayo nimemfanya Loyi ayarudie mpaka amechoka nami:

"Ambia Medius masini haina ugonjwa. Ni vis moja tu ililegea, na najua mutu aliyeilegeza, nimesha ikaza. Na ile maneno ya Januari, ambia yeye mimi nilishaka sahau."

Halafu akavuka daraja kwenda Kongo.

Alisahau, kaka! Miezi tisa mimi nimetembea na neno lile kama jiwe ndani ya kiatu, na yeye alishasahau. Ningepokea simu yako moja tu.

Medius


Kilembe, 1 Desemba 2014

Dada yangu,

Ripoti: Ronah anakusalimu, amekufungia kahawa ya Mahango, Kiiza anayo. Watoto wanauliza mjomba wao wa paa yuko wapi. Nawaambia amesafiri.

Nimekawia kuandika kwa sababu sikuwa na habari, na barua isiyo na habari niliona ni kukutonesha tu. Nimeuliza madereva wote wanaoingia Kasindi, ng'ambo ya daraja. Mmoja alisema alimwona Beni wiki ya kwanza, anauliza watu wa parokia ya Oicha wamekimbilia wapi. Baada ya hapo hakuna anayesema kitu. Yale tunayoyasikia redioni huko unayasikia na wewe, sitayarudia.

Barua yako ya "usinipigie" ilinifikia wiki moja baada ya wewe mwenyewe kufika. Nimeitunza. Kila neno humo ni haki yangu.

Nimepata kazi nyingine, ghala la zamani karibu na Mubuku. Msimamizi yuleyule ananiuliza uko wapi ule msumeno. Nimemwambia umekufa. Nimenunua ya mkono, tunakata polepole, misumari inatushinda, na kila jioni najiuliza kwa nini nilimwomba dada yangu mashine wakati kuchelewa ndiko nilikokuwa nakutaka. Nilitaka kumridhisha msimamizi na kumzuia Tsongo kwa wakati mmoja. Mshika mawili moja humponyoka, na mimi limeniponyoka lile lenye roho.

Usile peke yako Krismasi. Njoo kwetu.

Sunday


Bwera, 26 Januari 2015

Kaka Sunday,

Leo ripoti ndiyo barua yenyewe.

Krismasi sikuja, nilisema labda atatokea nisiwepo tena. Nilipika wali, nikaufunika, asubuhi nikampa Loyi. Msumeno uko chini ya kaunta. Watu wameshasikia sifa zake, wanakuja kuuliza ule wenye nguvu kuliko yote, na mimi nawauzia wa wati mia saba. Naona wanaondoka wakinung'unika.

Jana ilikuwa Jumapili. Nilitoka misa nikakuta mama mmoja ameketi kwenye kizingiti cha duka, palepale alipoketi yeye. Ana kifurushi kidogo na viatu vya kiume visivyolingana. Nilidhani ni hawa wanaovuka kila siku sasa, nikaingiza mkono kwenye mkoba nimpe kitu. Akainua uso, na kaka, ulikuwa uso wa Tsongo, umezeeka tu.

Akaniuliza, "Tsongo iko?"

Ni mama Esperance. Hawajaonana. Parokia yao iliondoka Oicha mwishoni mwa Septemba, kabla Tsongo hajang'oa bati la mwisho huko kwako, wakaenda Butembo. Alikaa kwa masista mpaka Krismasi, halafu akaanza safari ya kuja kwangu, kidogo kwa gari, kidogo kwa miguu. Hajui kwamba mwanawe alikwenda kumtafuta. Alikuwa anakuja mwenyewe, kaka. Ulihesabu sawasawa. Ungekuwa na misumeno ya mkono, leo hii Tsongo angekuwa juu ya paa huko Kilembe, na mimi ningemtuma Kiiza amwambie mama yake amefika.

Nilisimama na ufunguo mkononi. Nilitaka kusema kweli. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni hiki: kwamba yuko Kilembe kwa kaka yangu, wanabomoa nyumba za mgodi, na kazi ile ni ndefu, haijaisha.

Uso wake wote ulilegea kwa furaha. Akanishika mkono akasema, "Muzuri. Kazi murefu inachungaka mutu."

Sasa amelala kwenye kitanda chetu. Asubuhi aliketi kwenye kile kiti cha dirishani, sikuweza kumwondoa. Ameuliza kabati limefanya nini likakosa kioo. Ameniuliza lini kazi itaisha, nikamwambia misumari ni mingi.

Acha hilo ghala la Mubuku hata kama ni siku mbili. Usijibu kwa barua. Njoo ukae naye upande mmoja, na mimi nikae upande wa pili, tumwambie, kwa sababu mimi peke yangu nimeshindwa.

Dada yako,
Medius